Kumsalimia Mama Kutoka Juu

Tulimzika Mama Désiré wiki iliyopita, upande wa nyuma wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, kwenye lile vumbi jekundu ambalo hata sasa sijalipangusa kwenye viatu vyangu. Vijana waliokuwa wanapanga viti kwenye matanga waliniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikawaambia ni mtoto wake. Wakatazama mvi zangu na fimbo yangu, wakatazamana wao kwa wao, kisha wakaniletea kiti cha mbele kwa heshima wanayopewa wazee wanaodhaniwa wamechanganyikiwa. Sikuwalaumu. Marehemu alizaa mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alikufa kabla baba zao hawajaoa. Lakini kwetu mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake, na mtoto akitangulia, jina halivuliwi. Nilikaa pale na kikombe cha chai kilichopoa mkononi, nikisikia jina la rafiki yangu likitajwa na watu ambao hawakuwahi kumwona hata kwa picha: Mama Désiré alikuwa hivi, Mama Désiré alipenda vile. Nilitaka kusimama niwaambie Désiré alikuwa nani. Sikusimama. Nimerudi nyumbani na hasira yangu, nami naandika hapa kile ambacho ningekisema.

Mama huyu, tangu mwaka aliofiwa mpaka mwezi uliopita, aliniuliza swali moja. Hakuniuliza mwanawe alikufa namna gani, wala nani alikosea, wala jeshi lilisema nini. Aliniuliza kama mwanawe alimwona. Nilikuwa mtu pekee duniani aliyeweza kumjibu, na nilimjibu kila mara neno lile lile. Nimefanya mambo mengi katika maisha yangu ya uaskari, mengine nimevishwa medali kwa ajili yake, lakini kama nikiulizwa kazi yangu ilikuwa nini hasa, nitasema ilikuwa kumjibu Mama Désiré.

Tulikuwa maofisa wapya, nyota moja moja begani, bado inang'aa kwa sababu tuliisugua kila asubuhi. Wenzetu walipelekwa porini na vikosi vyao. Sisi wachache tukachaguliwa tujifunze kurusha ndege, tukaletwa Lubumbashi, kwenye majengo ya zamani kando ya uwanja. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, dirisha lisilofungika vizuri, na ukuta mwembamba uliotutenganisha na chumba cha kulia cha waalimu. Kiangazi vumbi liliingia usiku kucha. Asubuhi unainua kichwa unakuta umbo lake limebaki jeupe kwenye mto. Désiré alikuwa mwenyeji, mtoto wa Katuba, mrefu, msumbufu, mtu wa kuimba akinyoa ndevu. Mimi nilitoka Kalemie, sikumjua mtu mjini. Siku ya kwanza aliniuliza kama ninakoroma. Nikasema sijui, sijawahi kujisikia. Akasema basi atanisikia yeye, na kuanzia hapo tukawa ndugu.

Nilitapika katika ndege safari yangu ya kwanza, na ya pili, na nyingine nyingi. Ile ndege ya mafunzo ilikuwa ndogo, ya viti viwili, na Kapteni Mukalay, mwalimu wetu, alikuwa na tabia ya kuigeuza juu chini bila kukuambia, halafu anakuuliza kwa upole bomba la moshi la kiwanda liko upande gani. Bomba lile na mlima mweusi wa masazo ya shaba ndivyo vilivyokuwa dira yetu sote; ukiviona, umejua mji uko wapi. Mimi nilikuwa naona mfuko wangu wa kutapikia tu. Jioni Désiré alinikalisha kwenye kiti cha mbao katikati ya chumba, ananipa mti wa ufagio niushike katikati ya magoti kama manche, usukani wa ndege, ananiambia nifunge macho. Kisha anatembea nyuma yangu akiiga sauti ya moteur, injini, kwa midomo, anataja hatari moja baada ya nyingine, nami nigeuze, nivute, nisukume, niguse kila swichi mahali inapopaswa kuwa hewani. Nikikosea ananipiga kofi la kichwa. Ndivyo nilivyojifunza kuruka, kwenye kiti, na sina aibu kusema hivyo.

Usiku mmoja tuliwasikia waalimu upande wa pili wa ukuta wakituchambua wakati wanakula. Mmoja alisema yule wa Kalemie hafai, anatapika, arudishwe kwenye jeshi la miguu. Moyo wangu ukashuka mpaka chini ya kitanda. Kapteni Mukalay alitafuna kwanza, tulimsikia, halafu akasema anayetapika anajua yuko wapi. Yeye anamwogopea yule anayeimba. Désiré alicheka kimyakimya mpaka kitanda kikatetemeka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na furaha ya kubaki, na nilikuwa na kitu kingine ambacho sikukipa jina.

Jumapili tulipanda teksi mpaka Katuba kwa mama yake. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati, ua uliofagiwa ukabaki na mistari ya ufagio. Mama aliuza samaki wa kukausha waliotoka Pweto, kwa hiyo ukiwa bado barabarani pua ilishakuambia uko karibu. Alitupikia samaki hao na nyanya, na bukari kubwa, ugali wa kwetu, aliyoigeuza kwa mikono miwili akikandamiza sufuria kwa miguu, na mboga ya lengalenga. Alinipa kichwa cha samaki tangu siku ya kwanza bila kuniuliza. Alitaka kujua kama kitanda changu kina blanketi, kama mama yangu anajua ninakula, kwa nini nimekonda hivi. Kuhusu ndege hakutaka kusikia. Moja ikipita juu ya Katuba aliacha alichokuwa anafanya, akaweka mkono kifuani, akangoja mpaka imalizike.

"Mi naogopa ile kintu yenu," aliniambia siku moja, Désiré akiwa amekwenda kununua vinywaji. "Unielezeye, Faustin. Mutoto anakaa wapi mule ndani? Iko na fasi ya kushika?"

Nilimwambia iko, Mama, tena na mikanda. Akaniuliza nani anafunga mikanda hiyo. Nikamwambia tunafunga wenyewe. Alitikisa kichwa, akasema Désiré hajui kufunga hata viatu.

Mtu akirusha ndege peke yake mara ya kwanza, kwetu anamwagiwa poudre, poda ile ile nyeupe wanayomwagiwa watoto wakipata diplome. Mwalimu anashuka ndege ikiwa bado inawaka, anakufungia mlango, anaondoka bila kugeuka, na wewe unabaki na kiti kitupu pembeni yako. Unaruka, unazunguka, unatua. Ukishuka wenzako wanakungoja na makopo. Désiré alikuwa wa kwanza kati yetu. Alitua vizuri mno, akashuka akiimba, na tulimpaka poudre mpaka kwenye kope. Mimi nilikuwa karibu wa mwisho, na nilipotua salama alinimwagia kopo zima mdomoni kwa sababu nilikuwa nimeuacha wazi nikilia. Kapteni Mukalay alitutazama kwa mbali, mikono nyuma, na nilimwona akitabasamu mara moja tu.

Baada ya poudre kulikuwa na jambo jingine, ambalo halikuandikwa popote na wakubwa walilikataza kwa mdomo tu: kumsalimia mama. Kila rubani mpya aliye na mama mjini alipita siku moja juu ya ua wa nyumbani kwao, mara moja, chini kuliko inavyoruhusiwa, akatikisa mabawa. Mama anakuwa amepewa habari. Anasimama uani, anapunga kikwembe, kitenge chake cha kujifunga. Mwanawe akimwona, amemaliza. Anapanda juu na kurudi uwanjani, na usiku huo hulala akiwa mwanaume. Waalimu walijua. Wao pia walikuwa wamewasalimia mama zao. Mmoja alisalimia mama yake Kamalondo, mwingine mtaa wa Kenya, hapo hapo mjini, na akina mama hao walisimulia jambo hilo sokoni kwa miaka. Mimi mama yangu alikuwa mbali, kando ya ziwa lake, sikuwa na wa kumsalimia. Désiré akasema nitamsalimia wake. Tutapita wawili, yeye mbele, mimi nyuma yake na juu zaidi, ili mama aone kwamba hata yule anayetapika anaruka.

Ilituchukua Jumapili nzima kumbembeleza. Alisema atakufa kwa hofu. Désiré alimwambia hatakufa, itakuwa dakika moja, atainua kikwembe na basi. Kutoka juu, alimweleza, mabati ya Katuba yote yanafanana, nyua zote zinafanana. Lazima apate rangi ya kumtambua. Mama alifikiri, akaingia ndani, akatoka na kikwembe kipya cha bluu chenye maua ya njano ambacho kilikuwa kimenunuliwa karibuni, kinang'aa kuliko kitu chochote katika nyumba ile. Alikipeperusha mara moja katikati ya ua ili tuone. Désiré akapiga makofi, akasema hicho hicho, hata kipofu atakiona. Wakapanga siku na saa. Kilikuwa kikwembe cha bamama, akina mama wa parokia, wamenunua pamoja kwa ajili ya sikukuu ya Bikira Maria. Tulijua sote watatu. Na siku tuliyopanga ilikuwa ndiyo sikukuu yenyewe, kwa sababu jeshi halina sikukuu na ratiba yetu iliangukia hapo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeunganisha mambo hayo mawili. Nimeyafikiria miaka yote, nikitafuta wa kumlaumu, na sijampata.

Siku ile kulikuwa na ukungu wa moshi, kama kila kiangazi watu wanapochoma majani. Tulifanya mazoezi yetu upande wa ziwa la Karavia, kila mtu peke yake katika ndege yake, kisha tukageuka kama tulivyopanga. Nilikuwa nyuma yake na juu. Nilimwona akishuka kuelekea Katuba, ndege yake nyeupe juu ya mabati yaliyochakaa, nami nikawa nahesabu barabara kutafuta nyumba. Misa ilikuwa imekwisha. Barabara, nyua, uwanja wa kanisa, kila mahali kulikuwa na bluu na njano. Walisikia ndege, wakatoka wote, kwa sababu habari ilikuwa imezagaa kwamba mtoto wa Mama Désiré atapita, na kila mmoja alivua kitambaa chake akapunga. Katuba nzima ilikuwa inatusalimia. Nilisikia Désiré akicheka katika redio.

"Faustin, bamama bote beko na kikwembe moja," alisema. "Sione wangu."

Nikamwambia tikisa mabawa twende, amekuona, inatosha. Akasema hapana, ngoja, anashuka kidogo. Alizunguka. Akazunguka tena, duara dogo zaidi, chini zaidi, mwendo mdogo, na nilijua kichwa chake kiko pembeni kinatazama chini, hakitazami mbele. Ukikunja kona namna hiyo, karibu na ardhi na bila kasi, bawa moja linaacha kubeba. Kapteni Mukalay alitufundisha hilo kabla hajatufundisha kitu kingine chochote. Désiré mwenyewe alinifundisha, na ufagio. Nilipiga kelele katika redio, moteur, moteur. Akaniambia, "Wangu iko wapi?" Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Bawa la kushoto likalala, ndege ikageuka taratibu kabisa, ikaanguka nyuma ya nyumba za mwisho, kwenye shamba lililokwisha vunwa. Hakufa mtu mwingine. Nilizunguka juu ya moshi ule mpaka mnara wa uwanja uliponiamuru nirudi, na nilitua vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Mpaka leo siwezi kueleza ni kwa nini.

Niliulizwa na maofisa chumbani, mlango umefungwa, nikasema yote niliyosikia. Wakaniambia maneno yale ya redio yabaki pale pale, na kumsalimia mama kukomeshwe. Kukakoma.  Kapteni Mukalay alikuja chumbani kwetu akakaa kwenye kitanda cha Désiré, akashika mti wa ufagio uliokuwa bado umeegemea kiti, akaniuliza wa nini. Nikamweleza. Akaanza kulia kama mtu anayekohoa, akatoka bila kofia yake.

Kwenye matanga nilimkuta Mama ameketi chini kwenye mkeka katikati ya bamama wa parokia, wote bado wakiwa na bluu na njano, kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kwenda kubadilisha. Yeye alikuwa amevaa gauni la kahawia. Nilipiga magoti mbele yake. Nilijiandaa kwa maswali yote ya dunia, nilikuwa nimeyapanga majibu njiani. Alinishika uso kwa mikono miwili iliyonuka samaki, akanivuta karibu.

"Faustin. Aliniona?"

Mimi ndiye niliyekuwa juu. Mimi ndiye niliyesikia "sione wangu". Ningemwambia mama mwanao amekufa akikutafuta? Mwenye moyo huo asimame. Nilimwambia, "Ndiyo, Mama. Alikuona." Akanitazama kwa muda mrefu mno, machoni, jicho moja halafu jingine, kana kwamba anasoma kitu. Kisha akasema, "Aksanti," akaniachia uso wangu.

Nilimaliza mafunzo. Hakuimba tena mtu chumbani na sikutapika tena angani, sijui yalikwenda wapi yote mawili. Siku tuliyovishwa mabawa kifuani, familia za wenzangu zilijaa uwanjani, nami nilijua hakuna wa kunijia. Baada ya gwaride nilisikia harufu ya samaki wa kukausha. Alikuwa amesimama nyuma ya watu wote, mdogo, na kopo la poudre chini ya kwapa. Alikuwa ametembea kutoka pale teksi zinapoishia. Aliniinamisha kichwa, akanimwagia poudre polepole, akaipaka kwa kiganja mpaka nyuma ya masikio jinsi mtoto anavyopakwa mafuta, na hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Alipomaliza akafuta mikono kwenye nguo yake, akaniuliza tena kama alimwona. Nikajibu. Akasema aksanti.

Miaka ikapita, nikarusha ndege za jeshi, nikaoa, nikazeeka, nikaacha. Kila nilipokuwa Lubumbashi nilikwenda Katuba. Alinipa kichwa cha samaki. Tulizungumza bei za sokoni, umeme unaokatika, watoto wangu, na kabla sijaondoka, mlangoni, aliniuliza. Mke wangu alisema mama yule anajitesa. Mimi niliona baada ya jibu uso wake unatulia, anarudi ndani na kazi zake. Nikawaza basi, kama ni dawa, nitamnywesha mpaka mwisho.

Mwezi uliopita walinipigia simu kwamba amelala hainuki. Nilimkuta mchana sebuleni, kitanda kimesogezwa karibu na dirisha apate hewa, amekuwa mwepesi, mikono mikavu, akili yake nzima. Alimtuma binti aliyekuwa anamhudumia akachote maji. Tulipobaki wawili akaniambia nisogee.

"Faustin, siku ile mi sikutoka inje."

Nilidhani anaota. Akaendelea, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za soko. Asubuhi hakwenda hata misa, kwa ajili ya kungoja. Alikivaa kikwembe akakivua, akakivaa tena. Aliposikia ndege, miguu ilikataa. Alikivua mara ya mwisho akakitupa kitandani, akaingia jikoni na gauni lake la kazi, akakaa chini ya meza, akaziba masikio, akasali. Wenzake walimwita uani, hakujibu. Alipotoa vidole masikioni, ndege ilikuwa haisikiki.

"Sasa weye ukaniambia aliniona," alisema. "Nikajua haiko mimi. Nikawaza: aliona mama ingine, akazani ni mimi. Basi alikufa na furaha. Njo ile niliishi nayo. Kila mara naogopa siku ingine utasema apana."

 Nilimtazama mwanamke yule na nikaona miaka yote ile mlangoni, nikidhani nampa kitu kimoja, kumbe anapokea kingine. Na nikasikia tena redio, wazi kabisa, wangu iko wapi, na mama mwenyewe chini ya meza.

"Nakufa," akasema. "Uniambiye tu moja. Alimuona nani?"

Nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri angani. Ukuta kwa ukuta na nyumba ile aliishi Mama Véro, muuza mkaa, mfupi, mwenye sauti, aliyekufa zamani na asiyeweza kunipinga.

"Alimuona Mama Véro," nikamwambia. "Alikuwa mu lupango yako, inje pale, karibu na mulango. Alikuwa anapunga na mikono yote mbili. Désiré akaniambia mu redio: ule njo mama yangu, nimemuona. Akatikisa mabawa."

 Kifua cha Mama Désiré kikaanza kuruka, nikashtuka nikataka kuita watu, mpaka nikaona anacheka.

"Véro?" alisema. "Ule mufupi vile?"

"Kule juu, Mama, bantu bote beko bafupi."

Alicheka mpaka machozi yakamfikia masikioni, nikayafuta kwa mkono wangu. Akapumzika. Nje binti alikuwa amerudi, tulisikia anatua ndoo.

"Basi Véro alimupungia," akasema, akafumba macho, na nilipoondoka siku ile hakuniuliza kitu.